Kutoka Bushehr hadi Dragão: kisa cha Mehdi Taremi, mgeni aliyechelewa kufika

Mji wa Porto una treni za mjini, na mstari wake mwekundu unaanzia mlangoni pa uwanja wa Dragão, makao ya FC Porto. Unakatiza katikati ya mji, kisha unashika njia ya kaskazini sambamba na bahari mpaka Póvoa de Varzim. Ukikaribia mwisho unapita Vila do Conde, mji wa wavuvi na mafundi wa kuunda meli, wenye timu yake iitwayo Rio Ave. Mtu hupanda pale na kibegi chake, akakaa saa moja hivi, akashuka Dragão bila kubadilisha treni.

Tarehe 31 Agosti 2020 Mehdi Taremi, mshambuliaji kutoka Iran, aliifanya safari hiyo kwa maana ya usajili: alitoka Rio Ave akahamia Porto. Alikuwa na miaka 28. Mwaka mmoja na kidogo kabla ya hapo alikuwa akicheza Qatar, ligi ambayo wengi huenda kumalizia miguu yao. Alipoondoka Porto mwaka 2024 alikuwa ameifungia zaidi ya mabao 90 katika mechi zipatazo 180, akiwa na medali ya ubingwa, na jina lake limeandikwa kwenye orodha ya wafungaji bora wa ligi kuu ya Ureno, mahali ambapo kabla yake hakuna Muirani aliyewahi kuandikwa.

Wanaosimulia kisa hiki husema kipaji, au bidii, au bahati. Vyote vilikuwepo, sibishi. Lakini Iran imekuwa ikipeleka wachezaji wenye kipaji Ulaya tangu miaka ya 1990, na wapo waliorudi nyumbani kimya kimya wakiwa na kipaji chao kizima mfukoni. Mimi jibu naliona kwenye ile treni, yaani kwenye urefu wa hatua. Taremi alifanikiwa pale alipopiga hatua fupi, na hatua ndefu aliyoijaribu baadaye ndiyo iliyomkwamisha.

Waliotangulia

Ujerumani ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1997 Ali Daei na Karim Bagheri walitua Arminia Bielefeld, naye Khodadad Azizi akaenda Köln. Baada ya msimu mmoja tu Daei alikuwa Bayern Munich, akakaa mwaka mmoja akiwa mtu wa kutokea benchi zaidi kuliko wa kuanza, kisha akahamia Hertha Berlin. Septemba 1999 akiwa na Hertha aliifunga Chelsea mabao mawili katika Ligi ya Mabingwa. Hao Chelsea wakumbuke, watarudi mara mbili zaidi humu ndani. Sijui Wairani wana kisasi gani nao.

Mehdi Mahdavikia alikwenda Bochum baada ya Kombe la Dunia la 1998, akahamia Hamburg 1999 na kukaa huko hadi 2007, winga wa kulia ambaye akihitajika nyuma alirudi kuwa beki bila kununa. Javad Nekounam aliingia Osasuna ya Hispania 2006 akadumu miaka sita katikati ya uwanja. Ali Karimi, mchezaji bora wa Asia wa 2004, fundi wa kupiga chenga ambaye kule kwao walimwita Maradona wa Asia, alichukuliwa na Bayern 2005 akitokea Dubai. Miaka miwili, hakuwahi kupata namba ya kudumu.

Sitaki kuwapima watu kwa mizani moja, kwani kuchezea Bayern hata kwa dakika tano ni jambo. Ila waliodumu ni wale waliokwenda timu za wastani na kukubali kazi isiyo na picha gazetini.

Miaka iliyopotea, kama kweli ilipotea

Taremi alizaliwa tarehe 18 Julai 1992 mjini Bushehr, bandari ya kusini mwa Iran. Neno bandari lenyewe sisi tulilipata kwa Waajemi, na huko kusini hata muziki wao wa ngoma za kuchezesha mabega wanauita bandari. Pwani ile ina watu weusi ambao wazee wao walitoka huku kwetu, wengi wao kwa njia chungu ya utumwa. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, Bushehr si mbali kama ramani inavyodai. Ila kwa skauti wa Ulaya ni mbali sana. Tehran yenyewe wanaifika kwa nadra, sembuse huko.

Msimu wa 2013–14 Taremi alikuwa daraja la pili na Iranjavan ya mji wake, akiwa na miaka 21. Wakati huohuo Sardar Azmoun, mdogo wake kwa zaidi ya miaka miwili, alikuwa tayari mchezaji wa Rubin Kazan ya Urusi. Alireza Jahanbakhsh, naye mdogo kwake, alikuwa ameshafika NEC ya Uholanzi. Kwa kanuni za soko la siku hizi, mshambuliaji wa miaka 21 wa daraja la pili la Iran ni mtu aliyekwisha kupitwa na gari.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wa Ulaya huliruka. Kijana wa kiume wa Iran anadaiwa na jeshi. Utumishi ni wa lazima, unakaribia miaka miwili, na asiyeumaliza wala kupata msamaha hawezi kutoka nchini kirahisi. Wanasoka huutumikia kwa kuchezea timu zenye uhusiano na vyombo vya ulinzi, kama Malavan ya Anzali, yenye asili ya wanamaji, au Fajr Sepasi ya Shiraz. Kwa hiyo kalenda ya jeshi hupanga maisha ya mchezaji kuliko wakala wake anavyopanga. Klabu ya Ulaya ikimtaka kijana wa miaka 20, kabla ya kuuliza mshahara itauliza karatasi za jeshi zimefikia wapi. Ongeza vikwazo vya kibenki, ambavyo hufanya hata kulipa ada ya uhamisho kwa klabu ya Iran kuwa kazi ya wanasheria. Mwaka 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, Nike ilitangaza kwamba haiwezi kuwapa viatu wachezaji wa Iran kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kiatu tu.

Persepolis ya Tehran ilimchukua 2014, na hapo ndipo nchi ilipomjua. Alikuwa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, mabao 16 msimu wa 2015–16 na 18 msimu uliofuata, huu wa pili ukiwa na ubingwa chini ya kocha Branko Ivanković. Mchezaji wa namna hiyo angetoka Brazil au Argentina angekuwa Ureno ifikapo Julai. Yeye alijaribu kutoka, na akajikwaa vibaya. Mwaka 2016 alisaini na Çaykur Rizespor ya Uturuki, kisha akageuza na kurudi Persepolis. Wenyewe Rizespor wakaenda FIFA. Hukumu ilipokuja, Taremi alifungiwa miezi minne na Persepolis ikazuiwa kusajili kwa madirisha mawili. Ndiyo maana Januari 2018 tunamkuta Al-Gharafa ya Qatar, timu moja na Wesley Sneijder, akisubiri.

Je, miaka hiyo ilipotea? Kwa umri, ndiyo. Lakini alipofika Ulaya alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuzomewa, kufungiwa, kushangiliwa na uwanja mzima wa Azadi na kulaumiwa na taifa zima. Hilo la mwisho lina siku yake.

Dakika ya 95

Tarehe 25 Juni 2018, Saransk, Urusi. Iran na Ureno, mechi ya mwisho ya kundi. Ricardo Quaresma wa Ureno amefunga bao la kuzungusha kwa nje ya mguu, Alireza Beiranvand amedaka penalti ya Cristiano Ronaldo, na katika dakika za majeruhi Karim Ansarifard amesawazisha kwa penalti. Bao moja kwa bao moja. Iran ikipata bao moja zaidi inafikisha pointi 6 na kuvuka. Ureno, mabingwa wa Ulaya wakati ule, wanafunga mizigo.

Mpira ukamwangukia Taremi ndani ya boksi, upande wa kushoto, kipa Rui Patrício mbele yake. Akapiga. Nyavu zikatikisika, ila kwa nje. Sekunde moja nzima watu waliokaa upande wa pili walidhani ni bao.

Ni jambo la kuchekesha, au la kuhuzunisha, kwamba Mreno wa kawaida alimjua Taremi kwa shuti hilo kabla ya kumjua kwa chochote kingine. Na benchi la Iran siku ile lilikuwa na kocha Mreno, Carlos Queiroz, aliyeifundisha timu hiyo tangu 2011. Mwaka mmoja baadaye Taremi alihamia nchi ileile aliyokaribia kuitoa mashindanoni.

Rio Ave

Kwa nini Ureno? Sababu moja ni ya makaratasi, na kwa mchezaji asiye na pasi ya Ulaya makaratasi ni nusu ya kipaji. Uingereza inataka kibali cha kazi chenye masharti yake. Italia inazihesabia klabu zake nafasi za wageni wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Uholanzi imeweka kima cha chini cha mshahara kwa mgeni wa namna hiyo, kikubwa kiasi kwamba klabu ndogo hufikiri mara mbili. Ureno mlango uko wazi zaidi. Ndiyo maana ligi yao imejaa Wabrazil, na ndiyo maana klabu zao zimeijenga biashara ya kununua kwa bei ya chini, kumpika mchezaji, kumuuza ghali. Mgeni pale si ajabu. Kocha ameshapokea wageni 30 kabla yako na anajua wiki ya tatu utaanza kulalamikia chakula.

Sababu ya pili ni timu yenyewe. Rio Ave ilikuwa chini ya kocha Carlos Carvalhal, timu iliyotaka kuanza mashambulizi kutoka nyuma kwa pasi badala ya kubutua. Kwa mshambuliaji wa Bushehr hii ilikuwa zawadi. Taremi hana kasi ya kumkimbiza beki mita 50, wala si jitu la kugombea mipira ya juu na mabeki wawili. Kazi yake iko katika mita tano. Anashuka kati ya mabeki na viungo, anapokea akiwa ameupa goli mgongo, anaachia pasi moja, kisha anapotea. Beki akigeuza macho kuangalia mpira, Taremi ameshahamia kwenye bega lake la nyuma. Ukimwangalia kwenye televisheni humwoni mpaka bao liingie, kwa sababu kamera inafuata mpira na yeye anafuata macho ya beki.

Msimu wa 2019–20, uliokatwa katikati na korona, alifunga mabao 18 ya ligi. Alilingana kileleni na Carlos Vinícius na Pizzi, wote wa Benfica. Tuzo ikaenda kwa Vinícius. Hebu linganisha: wawili wanalishwa na klabu kubwa ya Lisbon, mmoja analishwa na Rio Ave. Timu ikamaliza nafasi ya 5 na kupata tiketi ya kufuzu Ulaya. Oktoba ilipokutana na AC Milan, ikawasukuma Wataliano hadi kwenye mikwaju ya penalti iliyopigwa mpaka makipa nao wakapiga, Taremi alikuwa hayupo tena. Alikwisha panda treni.

Ada iliyotajwa ilikuwa chini kidogo ya euro milioni 5. Kwa Porto ilikuwa bei ya kujaribia.

Dragão

Sérgio Conceição alikuwa kocha wa kelele, wa kukaba kuanzia mbele, wa washambuliaji wawili wanaofanya kazi ya viungo mpira ukipotea. Wapo washambuliaji waliokwenda kwake wakidhani watapumzika. Taremi alikuwa tayari anacheza hivyo. Hakubadilisha nchi, hakubadilisha lugha ya chumba cha kubadilishia nguo, hakubadilisha ligi. Waamuzi ni walewale, mabeki ni walewale aliowafunga mwaka jana. Kilichobadilika ni ubora wa pasi zinazomfikia. Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema hatua fupi.

Tazama bao lake la tarehe 17 Februari 2021 dhidi ya Juventus. Mechi ina dakika moja na sekunde kidogo. Rodrigo Bentancur anarudisha pasi kizembe kwa kipa Szczęsny, na Taremi, ambaye mwingine angekuwa bado anazoea nyasi, amekwisha ondoka. Anateleza, anaugusa mpira kabla ya kipa, ndani. Porto wakashinda 2–1. Bao lile halina chenga wala shuti. Ni bao la mtu aliyekuwa akiusubiri uzembe.

Mechi ya marudiano kule Turin ilionyesha sura zake zote mbili ndani ya dakika 54. Kwanza aliangushwa akapata penalti, Sérgio Oliveira akafunga. Kisha, akiwa na kadi ya njano, alipiga mpira baada ya filimbi, akaoneshwa ya pili na kutolewa. Wenzake kumi walihenyeka hadi muda wa nyongeza, wakafungwa 3–2, na wakavuka kwa mabao ya ugenini. Kama Porto wangetolewa usiku ule, nadhani leo tungekuwa tunaandika kisa tofauti kabisa, cha mgeni aliyeshindwa kuzuia hasira. Uwezo wa kuzoea nao huhitaji wenzako wakufunike siku moja.

Robo fainali walikutana na Chelsea. Nilisema watarudi. Mechi zote mbili zilichezwa Sevilla kwa sababu ya korona. Tarehe 13 Aprili, Porto wako nyuma kwa jumla ya mabao mawili, dakika za majeruhi zinayoyoma, Nanu anamimina krosi kutoka kulia. Taremi ameupa goli mgongo. Anaruka, anapiga tikitaka, mpira unapaa juu ya kila mtu na kuingia kona ya mbali. Haikutosha, Chelsea walipita na baadaye wakalichukua kombe lenyewe. Lakini mashabiki walipopiga kura UEFA, hilo ndilo likawa bao la msimu.

Msimu uliofuata, 2021–22, Porto wakatwaa ligi na kombe la nchi. Taremi alifunga 20 kwenye ligi na mawili katika fainali ya kombe dhidi ya Tondela, iliyokwisha 3–1. Luis Díaz aliuzwa Liverpool Januari ile, katikati ya mbio za ubingwa, na timu haikuyumba. Mzigo wa mabao ulimwangukia yeye na Evanilson wakaubeba. Msimu wa 2022–23 akafikisha mabao 22 ya ligi. Safari hii hakukuwa na wa kulingana naye.

Sasa lile la kujiangusha. Huwezi kuandika habari za Taremi Ureno ukalikwepa, maana mashabiki wa Benfica na Sporting hawatakuacha. Alipata penalti nyingi, na wapinzani waliamini nusu yake aliziigiza. Septemba 2022 kwa Atlético Madrid mwamuzi aliwaunga mkono wenye shaka: Taremi alidondoka ndani ya boksi, akapewa njano ya pili kwa udanganyifu, akatoka. Mimi nimetazama matukio mengi ya namna hii na hukumu yangu ni ya kati. Mchezo wake wote ni kuuweka mwili kati ya mpira na beki, halafu kungoja. Beki akichelewa nusu sekunde anagonga mguu badala ya mpira. Mara nyingi mguso upo. Na mara nyingine mguso ungemwacha hata mtoto amesimama, yeye akaenda chini. Ni ujanja, na alilipia kwa jina lake kwa waamuzi.

Jahanbakhsh, kwa kulinganisha

Alireza Jahanbakhsh alifanya kila kitu kwa wakati. Alitoka Iran akiwa na miaka 19, akaanza NEC, klabu ndogo, akapanda AZ, na msimu wa 2017–18 akawa mfungaji bora wa ligi ya Uholanzi kwa mabao 21 akiwa winga. Hatua fupi, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningeusifu. Halafu Julai 2018 Brighton wakamlipia pauni milioni 17 hivi, rekodi yao wakati ule.

Msimu wa kwanza hakufunga hata bao moja la ligi. Alitoka timu inayoshambulia dakika 70 kati ya 90 akaenda timu inayojilinda dakika 70 kati ya 90. Winga aliyezoea kupokea mpira mita 20 kutoka golini sasa aliupokea kwenye mstari wa kati, akitazama nyuma. Bao lake la kwanza, dhidi ya Bournemouth Desemba 2019, lilimtoa machozi uwanjani. Siku nne baadaye, Januari mosi 2020, akaipiga Chelsea tikitaka. Ndiyo, Chelsea. Mwaka 2021 aliondoka akiwa na mabao mawili tu ya ligi, akarudi Uholanzi kwa Feyenoord, na 2023 akashika ubingwa wa nchi hiyo. Miguu ileile iliyoitwa butu kule Uingereza.

Mkiwaweka hao wawili pamoja, hoja ya kwamba kuondoka mapema ndiyo dawa inalegea. Aliyefika Ulaya mapema na aliyefika na miaka 27 wote walifanikiwa katika ligi za kati, na wote walipwaya walipobadilishiwa kazi. Kule Iran husemwa sana kwamba wachezaji wao hushindwa Ulaya kwa kukosa nidhamu au kwa kukumbuka nyumbani. Yapo hayo. Lakini mimi ningeuliza kwanza: kocha alimpa kazi gani, na je, aliwahi kuifanya kazi hiyo kabla?

San Siro, kwa mlango wa jirani

Machi 2023 Porto walitolewa na Inter katika 16 bora. Marudiano yaliisha 0–0, na katika dakika za mwisho Taremi aligonga mwamba. Majira ya joto yaliyofuata AC Milan walimtaka, mazungumzo yakafika mbali, yakavunjika siku ya mwisho ya dirisha, Septemba mosi. Alibaki Porto na mkataba wa mwaka mmoja uliosalia, na msimu ule akafunga mabao 6 tu ya ligi. Ukisikia mshambuliaji aliyebakizwa dirishani, mara nyingi hesabu ndiyo hiyo: mwili uko mazoezini, masikio yako kwenye simu.

Julai 2024 alifika kweli San Siro, uwanja ambao Milan na Inter huutumia wote wawili, ila kwa mlango wa jirani, mchezaji huru wa Inter, akikaribia miaka 32. Kwa karatasi ilikuwa ndoa nzuri. Simone Inzaghi alicheza na washambuliaji wawili, kama Conceição. Tatizo wawili hao walikuwa na majina tayari, Lautaro Martínez na Marcus Thuram. Taremi alikwenda kuwa wa tatu, na kazi ya wa tatu hajawahi kuifanya tangu alipokuwa Bushehr. Mchezaji wa aina yake anahitaji dakika 60 za kumsoma beki kabla ya kumwibia. Ukimwingiza dakika ya 75 unampa kitabu na kumwambia asome ukurasa wa mwisho.

Palikuwa na siku njema. Dhidi ya Red Star Belgrade alifunga kwa penalti na kuwatengenezea wenzake mawili katika ushindi wa 4–0. Alifunga katika fainali ya Super Cup ya Italia dhidi ya Milan kule Riyadh, ambayo Inter waliipoteza 3–2. Na tarehe 6 Mei 2025, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona, ile mechi ya 4–3 ambayo watu watawasimulia wajukuu, pasi iliyomfikia Davide Frattesi kwa bao la mwisho ilitoka mguuni mwa Taremi: alipokea akiwa na beki mgongoni, akatulia, akaachia. Mita tano zake zilezile. Lakini kwenye ligi alifunga bao moja msimu mzima, la penalti, dhidi ya Lecce. Magazeti ya Milan yalimchapa, na kwa namba zile sioni walikosea wapi, ingawa walimhukumu kama namba tisa aliyeshindwa kumbe alikuwa msaidizi asiyesaidiwa.

Juni 2025 alikuwa nyumbani na timu ya taifa. Inter walikuwa Marekani wakijiandaa na Kombe la Dunia la Klabu. Tarehe 13 Israel ilianza kuishambulia Iran, anga likafungwa, na Taremi akakwama Tehran. Mashindano aliyakosa yote. Frattesi au Thuram hawajawahi kuwa na tatizo la namna hiyo kwenye kalenda yao ya maandalizi, na hakuna kocha wa viungo mwenye programu yake.

Agosti akauzwa Olympiacos ya Piraeus, waliokuwa mabingwa wa Ugiriki, kwa fedha kidogo. Alikuwa na miaka 33. Ni klabu iliyozoea kutawala ligi yake, ambako mabeki wa wapinzani hukaa chini kabisa na mshambuliaji anapata mipira ya kutosha ndani ya boksi. Kwa ramani ni mbali na Milan. Kwa aina ya kazi, iko jirani na Porto.